Faili ya Vipimo vya Mama

Kanye, 5 Mei 2003

Mdogo wangu Oarabile,

Sisi huku wazima. Baridi imeanza, Mama anakohoa asubuhi lakini hataki kuambiwa kwamba anakohoa. Natumaini mto wa Shakawe haujafika mlangoni kwako.

Nakuandikia kwa sababu ya kompyuta. Tangu uondoke baada ya Pasaka, programu ya kukatia nguo haijafunguka hata mara moja. Nikiibofya, skrini inakuwa nyeusi, halafu linatokea sanduku dogo: "Programu hii ni ya mfumo wa zamani, haiwezi kuendeshwa." Nikibonyeza Sawa, inafunga. Nikibonyeza Ghairi, inafunga vilevile. Sijui kwa nini wamehangaika kuweka vitufe viwili.

Ile kompyuta ya zamani ilikuwa na visirani vyake, sikatai. Unawasha, unazima, unawasha tena, unaipiga kofi ubavuni. Lakini tulikuwa tunaelewana. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekaa mbele yake, Mama pembeni ananitajia: kifua, kiuno, nyonga, mkono. Karatasi za kukatia zinatoka, tunaziunganisha kwa gundi pale mezani, Mama anaanza kukata kitambaa. Ungeniuliza kabla ya kuipakia kwenye gari kwenda kuwafundishia wanafunzi wako kufungua skrubu.

Mpya inapendeza, hakuna anayebisha. Kila mgeni Mama anamleta chumbani kuiona. "Hii kaninunulia Oarabile." Juzi hata mtu aliyekuja kuuliza njia ya hospitali alionyeshwa.

Mwisho wa Julai kuna harusi kwa Mma Kebadire. Mama amepewa wapambe sita, magauni ya kitambaa cha leteisi cha bluu, nacho kimeshaletwa. Kwa hiyo niambie nifanye nini. Usipige simu ya dukani, sikusikii, na mwenye duka anasikia kila kitu.

Dada yako,
Seipone


Shakawe, 14 Mei 2003

Dada Seipone,

Pole, lakini usiogope, hilo ni kosa dogo sana. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanalirekebisha huku wanapiga soga.

Weka kipanya juu ya picha ya programu. Bofya kitufe cha KULIA, si cha kushoto. Itashuka orodha; chini kabisa chagua Sifa. Ndani yake tafuta ukurasa wa Upatanifu, weka alama ya vema kwenye kisanduku cha kwanza, halafu chagua mfumo wa zamani kuliko yote ulioorodheshwa. Hapo unaidanganya programu kwamba bado iko kwenye mashine yake ya miaka ile. Weka vema pia kwenye rangi chache na skrini ndogo. Bonyeza Sawa. Soma polepole, hatua kwa hatua, usiruke.

Jambo la pili. Mwache Mama mwenyewe akae kwenye kiti. Nilimfundisha kipanya na vitufe wakati wa Pasaka na alishika upesi kuliko nilivyotarajia. Macho yake hayaoni tena penseli wala mwandiko wa mtu, ndiyo maana nikamkuzia herufi za skrini hadi zikawa kama vidole. Hizo anaziona. Miaka yote amekuwa akimtajia mtu. Sasa abonyeze mwenyewe. Wewe simama tu nyuma yake.

Ukimsomea barua hii, mwambie namkumbuka kila saa ya chai.

Oarabile


Kanye, 24 Mei 2003

Oarabile,

Nimefanya kama ulivyoagiza, bila kuruka. Imefunguka. Tumeiona ile picha ya ua ya mwanzo na Mama akapiga makofi. Halafu ikaandika hivi, nakunakilia herufi kwa herufi: "Kosa la 200: kugawanya kwa sifuri." Ikafunga.

Nimegawanya nini mimi? Sijamgawia mtu kitu.

Mama yuko kwenye kiti, kama ulivyotaka. Amekiwekea mto. Nami nimesimama nyuma, kama ulivyotaka, hadi miguu imenivimba. Akikosea ananyoosha mkono juu nisimsaidie. "Ngoja, Oarabile alisema nibonyeze hapa." Mimi niliyemfundisha Oarabile kufunga kamba za viatu.

Seipone


Shakawe, 2 Juni 2003

Dada yangu,

Usikasirike, nimecheka kwa yale maneno ya kugawa.

Kosa la 200 ni hivi. Programu ikianza, huipima kwanza mashine ione ina kasi gani, kisha inafanya hesabu ya kugawanya. Aliyeiandika hakufikiria kwamba siku moja zitakuja kompyuta za kasi hii. Ya Mama inamaliza kazi kabla saa haijasogea, kwa hiyo programu inapata sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuwezekani, inaanguka. Kompyuta si mgonjwa, ina haraka kupita kiasi.

Dawa yake iko kwenye disketi niliyoifunga ndani ya bahasha hii. Nampa dereva wa basi la Gaborone, anamfahamu mjomba. Iingize, nakili kilichomo kwenye folda ya programu, ikikuuliza kama ibadilishe cha zamani sema Ndiyo. Basi.

Sasa nikuulize. Tangu Pasaka sijapata neno hata moja kutoka kwa Mama. Wewe ndiye macho yake. Ukimsomea anasema nini? Sitaki mengi. Najua nimezoea kuwa yule wa mbali. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipopelekwa kwa shangazi kusoma, kwa sababu eti nina akili, na kila nikirudi likizo nawakuta nyie wawili mezani mnacheka jambo ambalo lilianza nikiwa sipo. Kijiji kizima kinamwita Mma-Seipone, mama wa Seipone. Mimi hata mwalimu mkuu aliniandika "mdogo wake Seipone". Kwa hiyo akisema chochote, kiandike, hata kama ni kuhusu kuku.

Oarabile


Kanye, 13 Juni 2003

Mdogo wangu mpendwa,

Disketi imefika, dereva ni mtu mwema. Lile kosa la 200 halionekani tena, lakini limekuja lingine: "Faili ya vipimo haipatikani." Programu inafunguka, ua linaonekana, halafu wanawake wote wa Kanye hawamo. Ukitafuta jina lolote, hamna.

Usijisumbue, tumerudi kwenye chaki na mkanda wa kupimia, kama zamani. Mimi nashika mkanda, Mama anataja, naandika kwa herufi kubwa ukutani, tunakata mezani. Jana tulichelewa, tukala mikate ya diphaphatha na chai tukiwa tumesimama, unga wa chaki mpaka puani, na Mama akaniambia visa vya ujana wake ambavyo hata wewe ungeona haya. Tumecheka sana.

Mama anakusalimia. Hana la zaidi.

Una kazi nyingi huko, usitume kitu kingine. Mashine ikitaka kupona itapona.

Dada yako akupendaye,
Seipone


Shakawe, 20 Juni 2003

Dada,

Mafaili hayana miguu. Ile niliinakili mwenyewe, nikaiona imo kwenye folda mbele ya Mama. Tafuta tena kwenye folda, na uniambie hasa lini mliiona mara ya mwisho.

O.


Kanye, 23 Juni 2003

BINTI YANGU OARABILE,

Naandika kwa kompyuta yako, kwa vidole vyangu viwili. Seipone ameenda Lobatse kununua nyuzi. Alama ya kuuliza sijaipata ilipo, kwa hiyo ukiona nukta pengine nauliza.

Seipone anasema hujaandika tangu Pasaka. Sikulaumu. Ualimu ni kazi na watoto wa siku hizi wanachosha. Ila nilizoea kusikia habari zako, basi nimeona nianze mimi.

Programu yangu ilikataa, halafu Seipone akaiponya. Alitoa dawa kichwani mwake tu, hakumuuliza mtu. Nikakata gauni la Mma Tiro mimi mwenyewe, toka kubonyeza hadi kukunja pindo, na Mma Tiro akalivaa kanisani watu wakauliza. Kisha ikaugua ugonjwa wa kupoteza majina. Seipone akafunga mlango akakaa nayo, ikapona. Nikakata la pili. Ikaugua tena. Sasa nimeona tabia yake, inaugua nikienda mazoezi ya kwaya. Nikitoka nzima, nikirudi mgonjwa. Labda haipendi kukaa peke yake.

Bila dada yako ningefanya nini. Mshukuru ukipata nafasi ya kuandika.

Unakula vizuri. Hapo nauliza.

Naipeleka posta mwenyewe, nataka kutembea.

MAMA YAKO


Shakawe, 1 Julai 2003

Seipone,

Mama ameniandikia. Mwenyewe, kwa kompyuta, herufi kubwa kama matofali. Kwa hiyo usianze kunieleza kuhusu mafaili yanayopotea.

Barua zangu tatu hukumsomea hata neno. Disketi yangu umeiita dawa iliyotoka kichwani mwako. Na faili unaitoa na kuirudisha Mama akiwa kwenye kwaya, ili akitoka aseme "bila Seipone ningefanya nini". Ameyaandika maneno hayohayo. Nimeyasoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya posta, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama kuna msiba.

Una kila kitu. Una asubuhi zake, una jioni zake, una jina lake. Mimi nina siku chache za Pasaka na siku chache za Krismasi, na hizo pia huwa unazikalia ukimwambia mimi napenda chai ya namna gani, kana kwamba sipo. Nilipata njia moja tu ya kuwa ndani ya nyumba ile nikiwa mbali. Ukaniondoa hata kwenye hiyo.

Unajua kwa nini hujaondoka Kanye? Unasema ni kwa ajili ya Mama. Mimi nadhani hakuna mahali pengine ambapo mtu angekuhitaji.

Nilikaa chini kumwandikia Mama kila kitu. Nimefika katikati ndipo nikakumbuka ni nani atakayemsomea.

Oarabile


Kanye, 9 Julai 2003

Oarabile,

Lile la mwisho umelisema vizuri. Nilijua siku moja utalisema, nikashangaa tu kwamba lilichukua muda.

Sitabisha. Nilikuwa naitoa faili ya vipimo naihamishia kwenye disketi, disketi naificha kwenye kopo la vifungo. Mama akirudi ananiita: "Seipone, njoo, imekataa." Sitaweza kukueleza raha niliyoisikia kwa kuitwa tu. Nafuta mikono, namwinua kwenye kiti, nakaa mimi. Wewe umezoea kuitwa na darasa zima. Mimi nilikuwa naitwa na mtu mmoja, na ulipoleta mashine yako akaacha kuniita.

Sasa sikiliza, kuna jambo baya kuliko hilo.

Disketi zilikuwa mbili. Moja ya sasa, nyingine ya kompyuta ya zamani, ya miaka mitatu iliyopita. Mara ya mwisho nilirudisha ile isiyo yenyewe. Wale wapambe sita wa Mma Kebadire Mama aliwapima upya mwezi wa tano, lakini miaka mitatu iliyopita tuliwashonea haohao kwa harusi ya binamu yao, wakiwa wasichana wadogo. Majina yaleyale. Programu haikulalamika, ikatoa karatasi safi. Mama akakata magauni yote sita peke yake, kwa furaha, akiimba. Mimi nilikuwa nimenuna jikoni, sikwenda hata kutazama.

Jumamosi walikuja kujaribu. Zipu ya kwanza haikupanda hata nusu ya mgongo. Ya pili vilevile. Mma Kebadire hakusema neno baya, na afadhali angesema. Aliwaambia tu wasichana, "Vueni taratibu, msichane kitambaa cha watu."

Walipoondoka Mama alikaa kitandani na mkanda shingoni. Nikamwambia, "Mama, huenda ni mashine." Akasema, "Mashine haina kosa, Seipone. Mimi ndiye niliyebonyeza. Kichwa changu kimeanza kuondoka, kama cha mama yangu." Kisha akaufunga mkasi kwenye kitambaa akauweka juu ya kabati. Tangu siku hiyo hajaushika. Anasema nitafute mtu wa kuichukua cherehani. Juzi nilimkuta anajitajia majina ya majirani moja moja, anajipima kama bado anayakumbuka.

Siwezi kumwambia. Nimejaribu, nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Mwandikie wewe. Sema ilikuwa programu, sema kuna kosa lina namba, lolote. Wewe ukimwambia jambo la kompyuta anaamini. Nitamsomea mara hii, naapa.

Seipone


Shakawe, 14 Julai 2003

Seipone,

Hapana.

Nikuambie ukweli, nilipofika pale kwenye zipu nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Nilijiona namwandikia Mama, nikamwona anakutazama wewe kama anavyonitazama mimi stendi basi likiondoka. Nilitaka sana kuiona sura hiyo. Halafu nikafika pale anapotaja majina ya majirani, na chai ikanishinda.

Kompyuta kwanza. Chukua disketi zote mbili. Fungua ya kwanza, bofya faili kwa kitufe cha kulia, nenda Sifa, utaona tarehe iliyobadilishwa mara ya mwisho. Yenye tarehe ya mwaka huu ndiyo yenyewe. Inakili, sema Ndiyo. Ile nyingine usiitupe, iandike juu yake kwa kalamu nene ZAMANI. Halafu toa karatasi za wasichana wote sita, uzilinganishe na zilizokatwa, uone zimepungua wapi na kwa kiasi gani. Baada ya hapo mimi sijui, sijawahi kushona hata kifungo. Hilo ni lako na la Mama.

Nimeweka karatasi nyingine humu ndani, ni ya Mama. Ni fupi. Inasema hivi, ili usiseme nimekutega:

"Mama, kichwa chako ni kizima. Seipone ana jambo la kukuambia, naomba umsikilize hadi mwisho. Nami nina langu. Nilikununulia kompyuta kwa sababu nilitaka ukae unanihitaji mimi. Nilimwondoa mtu kwenye kiti chake nikiwa najua ninachofanya, na niliona sura yake siku ile nikajifanya sijaiona."

Msomee. Kisha sema lako.

Yale niliyoandika kwamba hakuna ambaye angekuhitaji, niliyaandika ili yakuume. Sijui kama nayaamini. Dereva anaondoka saa hii.

Oarabile


Kanye, 3 Agosti 2003

BINTI YANGU OARABILE,

Barua yako nilisomewa. Seipone aliisoma amesimama, akaikunja, akaniambia lake. Lilikuwa refu. Alipomaliza niliendelea kumenya maboga hadi yakaisha, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

Sikumpiga, ni mtu mzima na ana mvi mbili. Nilimwambia avae viatu. Tukaenda kwa Mma Kebadire. Kule nikamwambia, "Haya, waeleze." Akaeleza mbele ya mashangazi wote wa bibi harusi. Shangazi mmoja akauliza, "Yaani mtu mzima anamwonea wivu kompyuta?" Mma Kebadire akamjibu, "Wewe ulimwonea wivu ng'ombe wa mume wangu, nyamaza." Basi wakacheka kidogo na tukapewa chai.

Magauni tuliyafumua. Tuliweka vipande vya kitambaa cheupe pembeni, toka kwapani hadi chini, na mikono tukakata upya. Seipone alifumua mishono yote sita mwenyewe. Vidole vyake vilitoka damu nami nikaona, nikaendelea kukata. Harusi imepita. Wasichana walicheza vizuri, na kuna mama wa Moshupa ameuliza kama mimi ndiye niliyebuni vile vyeupe. Nikasema ndiyo.

Mimi mkasi nimeushusha. Kilichonitia hofu hakikuwa kile nilichodhani, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu wa umri wangu.

Sasa sikiliza. Barua zako nasomewa na Mma Tiro. Hilo limemuuma dada yako nami nimeliacha limuume. Pengine nitabadilisha, bado. Na wewe pia sijakusamehe yote. Ulileta kitu kizuri ndani ya nyumba yangu ukakitumia kama kiwiko cha kumsukumia mwenzako. Ukija likizo utalala chumba kimoja naye, kitanda cha pili nimekitoa.

Lakini niseme kweli, nimekuwa mjane miaka mingi na sikujua kwamba kuna watu wananipigania. Ningejua ningekuwa navaa vizuri zaidi nyumbani.

Jambo la mwisho. Juzi mchana nilikuwa napitia faili ile ya vipimo, jina baada ya jina, nikitaka kuhakikisha wote wamerudi. Wako wote, hata waliokufa. Wewe umo mara saba, kwa sababu kila ulipokuwa unaondoka nilikushonea kitu cha kuondokea. Nikatafuta Seipone. Nikatafuta tena, nikadhani ugonjwa umerudi. Hayumo. Hajawahi kuwamo. Yeye ndiye aliyekuwa anashika mkanda.

Nikamwita. Akaja akifuta mikono, akadhani programu imekataa. Nikamwambia, "Simama hapo, nyoosha mikono." Akauliza ni kwa ajili ya nani. Nikaendelea kuhesabu mkanda kwa vidole. Kiuno kimeongezeka, mabega ni ya baba yenu. Nimemwandika mimi mwenyewe, herufi moja moja, na karatasi zake zimetoka bila kosa lolote. Kitambaa ni cha kahawia, kile nilichokuwa nakihifadhi.

Anajifanya hajali. Lakini leo ameshapita mezani mara nne kuangalia nimefika wapi.

MAMA YAKO